Mafunzo ya kurithisha shamba, Moshi: tulichopata na kilichokosekana

Mwezi Februari, mavuno yalipokwisha, mimi na baba tulihudhuria mafunzo ya siku tatu hapa Moshi kwa ajili ya familia zenye vihamba (mashamba ya ukoo) vya kahawa. Ada ilikuwa shilingi 80,000 kwa mzazi na mtoto, na sharti lilikuwa moja: hakuna anayepokelewa peke yake. Sharti hilo ndilo lililonivutia, kwa sababu baba ana miaka 71 na mimi, ninayefanya kazi mjini, nilikuwa nikienda nyumbani Kibosho mwisho wa juma tu.

Siku ya kwanza ilitosha kulipia ada yote. Mwezeshaji alimpa kila mmoja karatasi, akatutaka tuandike bila kuulizana: mibuni ni mingapi, chama cha msingi cha ushirika kinatudai kiasi gani, vibarua gani hulipwa na kwa kazi ipi. Baba aliandika mibuni 640. Mimi niliandika 200. Sikujua hata kwamba zamu yetu ya maji ya mfereji ni Jumanne usiku, wala kwamba hakuna karatasi inayoilinda zamu hiyo, isipokuwa kutokea kila mwaka na jembe wakati wa kuusafisha mfereji. Baba alinitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, ningekufa na haya."

Siku ya pili tulikuwa shambani. Tulielezwa jinsi ya kukata mibuni mikongwe kwa mafungu, kwa kuwa mbuni uliokatwa huchukua takribani miaka miwili kabla ya kuzaa tena, na familia haiwezi kukaa muda huo bila kipato. Tulionyeshwa pia miche ya kahawa aina ya Lyamungo inayostahimili magonjwa ya chulebuni, unaoshambulia matunda, na kutu ya majani, ambayo humpunguzia mkulima gharama kubwa ya dawa za kupulizia.

Siku ya tatu, iliyohusu mirathi, ilinisikitisha. Mwezeshaji alizungumza muda wote kana kwamba mrithi ni lazima awe mtoto wa kiume, tena kitinda mimba kama ilivyo desturi yetu Wachagga, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Dada yangu ndiye anayepogoa na kupeleka kahawa kwenye chama. Somo hilo lilimhusu kuliko mimi, naye alikuwa nyumbani. Daftari la mfano la hesabu tulilolipia ndani ya ada halijatufikia hadi leo, ingawa nimepiga simu mara tatu.

Hata hivyo, ningemshauri mwenye mzazi anayeingia shambani bado kwa miguu yake aende mwaka huu huu, lakini kabla ya kulipa aulize kama binti anaweza kuongezwa kwa ada ileile, na adai daftari lake siku hiyohiyo ya mwisho.