Miezi 14 na Hilux ya mkononi: kwa nini niliiacha mpya

Nabeba viazi kutoka Uwemba hadi Makambako, mkoani Njombe, vumbi kwanza halafu lami. Mwaka jana ilibidi niamue: Hilux mpya singo kabini kwa mkopo wa benki wa miezi 48, au Vigo (toleo la Hilux la kabla ya hizi za sasa) iliyotumika, injini ya dizeli ya lita 2.5.

Mpya niliijaribu, na niliipenda kweli. Ina nguvu, imetulia, hakuna wa kukudanganya imetembea kilomita ngapi. Kilichonirudisha nyuma ni rejesho. Benki inataka chake kila mwezi, na juu yake bima kubwa miaka yote ya mkopo, wakati viazi vyangu havina mshahara. Wakulima wote wakivuna kwa pamoja bei inaanguka, na mwezi huo rejesho liko palepale.

Nikaanza kuzunguka yadi za Dar. Ya kwanza ilikuwa Vigo ya mwaka 2009, inang'aa, dalali anasema imetoka Japani. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka, kwa sababu Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017. Vigo nyingi zinazotufikia zimetumika Thailand au Uingereza, na kule Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu. Fundi wangu akatandika boksi chini, akaingia uvunguni na bisibisi. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi. Akagonga, rangi ikabanduka, akasukuma kidogo na bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Akatoka akajipangusa: "Kaka, twende." Dashibodi ilisema kilomita 86,000.

Niliyoinunua niliipata Iringa, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), kwa mwenyewe. Siku ya kwanza nilikuta boneti ya moto, maana yake ilishawashwa kabla sijafika. Sikubishana. Nilirudi kesho yake saa 12 asubuhi bila kupiga simu, na baridi ya Iringa mnaijua. Ikawaka kwa mara ya kwanza, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukakata. Nikajua nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye injini, bado ziko vizuri. Tukaangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, tukaelewana milioni 38, na kadi tukaibadilisha jina kabla sijaondoka mjini. Hilo la kadi tafadhali msiliache liwe la baadaye.

Wiki ya kwanza nilitumia milioni 1.8: mkanda wa taimingi, bushi za mbele, betri, oili na filta zote. Mkanda nilibadilisha kwa sababu muuzaji hakujua ulifungwa lini, na kwenye injini hii ukikatika injini imekwenda. (Hilux za sasa za lita 2.4 zinatumia mnyororo, hofu hiyo hazina.)

Mwezi wa tano klachi ilikwisha katikati ya mavuno. Gari lilikaa gereji siku tatu, nikakodi Canter, na hiyo iliniuma kuliko laki 9 za klachi. Makosa yalikuwa yangu: nilikuwa napakia magunia 10 ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo, nikihesabu ni tani moja, kumbe gunia la lumbesa linapita kilo 100 kwa mbali. Sasa napakia 7, na tangu hapo ni oili na matairi tu. Na mzigo inanipa kama kilomita 10 kwa lita.

Mwenye mkataba unaomlipa kila mwezi, kwa mfano anayesambazia shule au kampuni ya ujenzi, mimi ningemwambia achukue mpya bila kusita. Siku tatu za gereji kwake zinaweza kuvunja mkataba.

Kwangu, ningekuwa bado nadaiwa miezi 34. Msimu huu pesa hiyo imenunua mbegu za ekari 3 za nyongeza, na Vigo ndiyo iliyozipeleka shambani.