Uzoefu wangu: kutoa spesa zilizoganda kwenye habu, Mtwara mjini

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mtwara na Lindi wenye magari yaliyofungwa spesa (bamba nene la duara linalokaa kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na tairi, ili tairi litokeze nje), maana kazi hii nimefanyiwa juzi juzi na nimeridhika nayo sana. RAV4 yangu niliinunua ikiwa nazo tayari: za aluminiamu, unene wa milimita 25, zile zinazofungwa kwa nati zake kwenye habu halafu tairi linafungwa juu yake. Nilitaka zitoke. Nikipakia magunia ya korosho, tairi za nyuma zilikwangua madigadi, na diski za breki za mbele zilikuwa zimekwisha. Diski haichomoki mpaka spesa itoke kwanza.

Gereji ya kwanza walifungua nati, wakaona spesa haitikisiki, fundi akashika tindo. Nikamzuia. Tindo ikipenya kati ya spesa na habu inachubua uso, na uso usipokuwa sawa diski inakaa upande, usukani unatetemeka ukishika breki. Nikawaomba wafunge, nikaondoka.

Fundi niliyempata baadaye, kule kata ya Chikongola, aliinama kwanza na tochi ya simu. Akanionyesha unga mweupe umejaa pale katikati, spesa inapokumbatia habu. "Kaka, hii siyo kutu ya chuma. Aluminiamu yako imeliwa na chumvi." Ndivyo ilivyo: aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko madini yenyewe, hivyo unabana kama kabari. Gari linalolala Shangani, karibu na bahari, na kupelekwa kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati sikukuu zikifika haliwezi kukwepa.

Gari aliliweka kwenye stendi, siyo jeki peke yake. Akafunika kalipa (kile kibanio cha breki) na pedi kwa mfuko wa nailoni, akapuliza mafuta ya kupenyeza katikati na kuzunguka kila bolti, akaniambia niende nikanywe chai kwanza. Niliporudi akapuliza tena. Kisha akarudisha nati kwenye bolti, nyuzi chache tu, ili spesa ikiachia isimrukie. Akaanza kugonga ukingoni kwa nyundo ya mpira, akizungusha habu kidogo kidogo, asipige sehemu moja. Ya kushoto ikaachia. Ya kulia ikagoma kabisa.

Hapo ndipo nilipomkubali. Alifuta mafuta yote, kwa sababu yanashika moto, akaleta mashine ya kupuliza hewa ya moto. Moto wa gesi aliukataa: ungeyeyusha grisi ya beringi na kuunguza sili na waya wa sensa ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki. Akapasha spesa tu, akiizunguka. Kwa joto lile lile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu la spesa linapanuka kuliko habu. Kabla haijapoa akagonga. Mlio ulibadilika, ule mzito ukawa mkali, na upande mmoja ukasogea upana wa ukucha. Akageuza habu, akagonga upande wa pili, spesa ikaja mpaka kwenye nati. Za nyuma hazikusumbua.

Habu zilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa laini mpaka zikang'aa. Grisi ilipakwa nyembamba kwenye duara la katikati tu. Nyuzi za bolti aliziacha kavu, kwani nati yenye grisi unaikaza kupita kiasi bila kujua. Akafunga diski mpya na tairi, akakaza nati kwa kukingamisha, kwa spana ya kupimia nguvu, Nm (nyutoni mita) 103. Mafundi wengi hapa mjini wanakaza kwa kuruka juu ya spana, na mimi hilo silipendi hata kidogo. Mwisho akageuza usukani kulia hadi kushoto kuona kama rimu inagusa shokapu. Haikugusa.

Nilikwenda Lindi, kilomita mia na kidogo, nikakagua nati huko kama alivyonisisitiza. Zote ziko imara, na hata nikibeba mzigo tairi hazikwangui tena.

Kasoro zipo: hana kivuli, gari linafanyiwa kazi juani, na risiti mpaka uidai. Alinitoza shilingi 60,000 kwa magurudumu yote manne, mbali na diski. Wapo watakaoona ni nyingi. Kwa kazi ile mimi naona ni haki yake. Msimu wa korosho foleni yake inakuwa ndefu, kwa hiyo wahi asubuhi.