Riale ya mzinga shingoni: uzoefu wangu na mkufu wa sarafu ya merikebu iliyozama

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na jibu moja kila tukimwomba hela ya ubuyu: "Kwani mimi nimelalia riale za mzinga?" Tukicheka, tukaondoka. Mzinga tuliujua wa nyuki, na ile ya chuma mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la masultani Unguja, tuliyokuwa tukiipanda. Riale, ile sarafu ya fedha ya zamani, yenye mzinga hakuna aliyewahi kuiona. Mimi nilidhani nimeiona nina miaka arobaini na moja, Florida, ndani ya kabati la kioo la duka la vito. Tangu hapo nimetoa dola zangu mara mbili, mara ya kwanza kwa ujinga.

Nianze na huo ujinga, kwa sababu najua hautakuwa wangu peke yangu. Tulikwenda Key West mapumziko ya sikukuu, tukaingia makumbusho ya Mel Fisher, mtafuta hazina za baharini. Ukitoka mle huna akili zako. Unaonyeshwa vipande vya fedha vikubwa kama mikate ya boflo iliyounganishwa, mikufu ya dhahabu, zumaridi, vyote kutoka Nuestra Señora de Atocha, merikebu ya Kihispania iliyozamishwa na kimbunga Septemba 1622 ikirudi kwao na hazina ya mfalme. Fisher aliitafuta miaka kumi na sita. Kijana wake na mkwewe walikufa maji katika kazi hiyohiyo mwaka 1975, naye akaendelea, mpaka 20 Julai 1985 wapiga mbizi wake walipoangukia shehena yenyewe. Nilitoka nje machozi yananilenga, na hatua chache mbele nikaingia duka moja la mapambo lenye mkufu wa dola 179, kadi yake imeandikwa ATOCHA kwa herufi za dhahabu. Nikalipa bila hata kuvaa miwani.

Miwani niliivaa hotelini. Chini ya kadi, kwa maandishi madogo madogo, ilisema kwamba kidani kimetengenezwa kwa fedha iliyoyeyushwa kutoka vipande vya Atocha. Umeona mchezo? Fedha ni ya merikebu, sarafu ni ya juzi, imemiminwa kwenye kalibu. Hawakunidanganya, kila neno la kadi lile ni kweli, na ndiyo maana waligoma kunirudishia pesa. Kilichoniuma zaidi kilikuja mwezi mmoja baadaye, harusini Orlando. Dada mmoja amekaa meza ya pili, shingoni ana sarafu kama yangu: ufa uleule pembeni, doa lilelile juu ya msalaba. Sarafu za Atocha zenyewe zilikatwa kwenye mtaimbo wa fedha zikagongwa nyundo kwa mkono, moja moja. Hakuna mbili zinazofanana. Ukiona pacha wa sarafu yako, ujue zote mbili zina baba mmoja, naye ni kalibu.

Basi nikakaa chini nikasoma. Na nikagundua kwamba hata ile halisi ya Atocha isingekuwa riale ya bibi. Sarafu za wakati ule zina ngao upande mmoja na msalaba upande wa pili, umbo lake kama kipande cha kashata kilichokatwa na mtu mwenye haraka. Zinazosomeka vizuri zinavuka dola elfu moja, na mizinga haimo. Niliyokuwa naitafuta ilianza kupigwa Mexico mwaka 1732, kwa mashine, duara kamili: sarafu ya thamani ya riale nane, yenye nguzo mbili zilizovikwa taji, katikati yake dunia mbili zimepandana juu ya mawimbi. Kwa Wahispania zile ni Nguzo za Hercules, yaani mlango wa bahari pale Jabal Tariq (Gibraltar). Lakini sarafu hii ilizunguka dunia nzima, na watu wa pwani yetu walipoigeuza mkononi waliona mizinga miwili imesimama wima. Waarabu pia waliona hivyohivyo, wakaiita baba wa mzinga. Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utaikuta, riale ya mzinga, kando ya riale ya Sham ambayo ni ile ya Maria Theresa, mtawala wa Austria.

Niliyoinunua safari ya pili imetoka kwenye Reijgersdaal, merikebu ya kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Hili nalo lilinichekesha: sarafu ya Kihispania, fedha ya Mexico, chombo cha Kiholanzi. Lakini Waholanzi walihitaji kulipia viungo na vitambaa huko Asia, na wafanyabiashara wa kule walitaka fedha, basi wakawa wanabeba riale za Mhispania kwa masanduku. Oktoba 1747, kaskazini ya Cape Town, karibu na kisiwa cha Robben, kamba ya nanga ilikatika kwenye upepo mkali, chombo kikapigwa miamba. Waliopona ni wachache sana. Masanduku yalikaa chini mpaka yalipopatikana mwaka 1979. Nilipojua kwamba imelala bahari ya Afrika miaka zaidi ya mia mbili, sikutaka nyingine tena.

Bei: dola 485 pamoja na fremu ya fedha, bila mkufu. Muuzaji ni duka la mtandaoni, sitalitaja jina kwa sababu nina la kulalamika.

Kwanza mazuri. Sarafu ilikuja na cheti chenye picha yake yenyewe, pande zote mbili, na uzito: gramu 24.8. Ilipotoka kiwandani ilitakiwa iwe kama 27, hizo mbili na ushei zimeliwa na chumvi. Nikaiweka juu ya picha nikalinganisha shimo kwa shimo, na nakushauri ufanye hivyohivyo siku mzigo ukifika, kabla hata ya kutupa bahasha. Mwaka unasomeka, 1741. Alama ya kiwanda cha Mexico, M yenye o ndogo kichwani, ipo kulia na kushoto kwa mwaka. Upande wa ngao jina la mfalme Philip limefutika nusu, ila herufi MF za wakaguzi wa fedha bado zimesimama. Uso wake una vitundu vidogo vidogo kama chapati ya maji, na ukipitisha kidole unahisi. Kuna wateja hulalamikia hivyo vitundu. Mimi sarafu ya baharini ikija laini tupu ndiyo ningeitilia shaka.

Kingine nilichokipenda: hawakuitoboa. Fremu inaikumbatia pembeni na inafungwa kwa skrubu ndogo juu, ukitaka unaitoa nzima. Na kwa kuwa fremu ni nyembamba, ule urembo wa majani uliochongwa kuzunguka ukingo unauona ukiitoa. Ukingo ule uliwekwa makusudi ili wajanja wasikwangue fedha pembeni, kama walivyozoea kuzifanya zile za nyundo.

Sasa kero. Kile kipete cha juu kinachopitisha mkufu kilikuwa chembamba mno kwa uzito ule, na hakikulehemiwa, kimekunjwa tu. Wiki ya tatu kilifunguka nikiwa kazini. Nilisikia mlio sakafuni, moyo ukaruka. Sarafu ilikuwa imebingirika chini ya toroli la dawa. Duka lilikubali kukitengeneza, ila nauli ya posta na bima niliitoa mimi, dola 38, na ilikaa kwao wiki saba, na kila nikiwaandikia najibiwa "wiki hii". Pia, kwa wenye shingo nyembamba kama yangu: ni pana karibu sentimita nne na ni nzito. Ukivaa na mkufu mwembamba unakukata. Mimi naivaa na mkufu mnene wa fedha, mrefu hadi kifuani, juu ya gauni la rangi moja. Ukitaka kitu cha kila siku chukua sarafu ya riale mbili au moja, ndogo na nafuu.

Ilipofika nilimpigia mama kwa video, sikumwambia kitu.

"Shikamoo mama. Angalia hii."

"Marahaba mwanangu. Isogeze. Usitingishe mkono." Akaivuta simu mpaka nikawa naona paji la uso tu. Kimya. Halafu: "Hiyo si mizinga hiyo? Hebu igeuze. Ee, mizinga! Umeipata wapi? Bibi yako angekuwepo angekunyang'anya."

Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Ameijua kwa jina tu, kama mimi.

Desemba nilikwenda nayo Unguja, na kwa vile bado sikukiamini kile kipete, nikaipeleka kwa sonara Mji Mkongwe kiongezwe unene. Mzee akaishika, akaipima kwa mkono kabla ya mizani, akasema hii si fedha ya siku hizi. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akachukua ndimu na kitambaa chenye majivu. Nilimdaka mkono. Ule weusi uliokaa ndani ya vitundu ndio unaoitoa mizinga ionekane. Ukiusugua unabaki na sahani ya fedha isiyo na uso, na mnunuzi anayejua hatakupa hata nusu. Mzee hakuelewa. Kwake yeye mtu hulipa ili kitu king'ae. Akapendekeza tena atoboe tundu juu, kazi ya dakika mbili, kipete cha nini? Tukabishana kwa adabu mpaka adhuhuri ikaadhinia.

Mwishowe alilehemu kipete kipya kwenye fremu, nikiwa nimeitoa sarafu na kuishika kiganjani muda wote. Elfu thelathini, kazi safi, mpaka leo haijasogea. Aliporudishia skrubu akaiweka sarafu kwenye mizani, akapiga hesabu ya fedha kwa gramu, akaniuliza kama nauza. Bei aliyoitaja ingelipia nauli yangu ya daladala na chakula cha mchana Forodhani, na chenji ikabaki.

"Hii iliwahi kununua mbuzi," akasema.

Nikaivaa nikatoka.