Tahadhari: miche ya "kubebesha" inayopitishwa kwa guta kuelekea masika

Ndugu zangu wa Dar na Pwani, masika yanakaribia na wauza miche ya kubebesha, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mzuri juu ya shina la mche mwingine, wameanza kupita mitaani. Mmoja wao alinitapeli, na nasikia ameonekana tena, ndiyo maana naandika.

Machi mwaka juzi alipita kwetu na guta. Nilinunua miche sita, minne ya embe na miwili ya parachichi aina ya Hass, kila mmoja shilingi 8,000. "Yote ya kubebesha, mama. Mwaka wa tatu unakula." Kila shina lilikuwa limefungwa nailoni, shubiri moja hivi kutoka kwenye udongo. Kuona nailoni nikaamini.

Mwezi wa nane nailoni ilikuwa inakaba mashina, nikaikata kwa wembe. Ndani hamna kitu. Gome moja, rangi moja, toka chini hadi juu, hakuna kovu. Aliotesha kokwa, akazungushia nailoni, basi! Mwembe wa kokwa unaweza kukuweka miaka 6 au zaidi kabla hujaona tunda, na kokwa ya Hass haikupi Hass.

Mche uliobebeshwa kweli una kovu pale ulipoungwa, shina hupinda kidogo kama kiwiko, na mara nyingi gome la juu halifanani na la chini. Mwambieni muuzaji afungue nailoni ya mche mmoja uliokwishachipua vizuri. Kovu likishashika halidhuriki. Akihamaki, rudisheni hela mfukoni.

Kilichoniuma zaidi ni aliporudi Juni, kabla sijagundua. Miparachichi ilikuwa na wadudu weupe kama pamba chini ya majani, wamekuja na miche yake mwenyewe, naye akaniuzia "dawa" ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Haina jina, haina kipimo, wala haisemi usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma mchicha wa pembeni. Majani yakaungua, wadudu wakahamia kwenye mpapai wa jirani. Na chupa ile ilikaa jikoni siku mbili, nami nina mjukuu wa miaka 4. Kiuatilifu halali kinakuja na chombo chake chenye lebo, na kimesajiliwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Miche nunueni kwenye kitalu mnachoweza kukirudia, na ulizeni kama kinatambuliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Huyu hana kitalu, na simu yake haipatikani tangu siku niliyompigia kuulizia ile nailoni.