Gari dogo la umeme: ununue sasa au usubiri? Uliza kwanza betri inapozwa na nini

Ujumbe ninaoupata zaidi siku hizi unatoka kwa watu walionunua Nissan Leaf yadi na sasa hawaelewi kinachoendelea. Dada mmoja wa Kimara ameniandikia kwamba gari alilokabidhiwa likionyesha baa zote 12 za betri lilianza kudondosha baa kabla hajamaliza kurudisha hela za watu. Wengine hawajanunua bado. Wameona picha za Leaf mpya na wanauliza kama wavute subira. Nawajibu wote hapa, ila msitegemee niongelee mwendo kasi, buti wala rangi, hayo mtayaona wenyewe kwa macho. Mimi nitaongelea joto la betri, kwa sababu ndilo linalokula hela za watu na hakuna muuzaji anayeligusia.

Betri ya gari la umeme huzeeshwa na joto. Gari linashinda juani Posta, linatambaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, likifika linachomekwa kwenye chaji. Betri inapoa saa ngapi? Februari hapa Dar hata usiku wa manane bado unatoka jasho. Gari lenye mfumo wa kupoza betri, wa maji au wa gesi ya AC, linajitunza lenyewe. Leaf za kizazi cha kwanza, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, na za kizazi cha pili, zilizoanza 2017, hazina mfumo huo. Betri imefungiwa kwenye boksi la chuma chini ya sakafu, bila maji, bila gesi, bila hata feni. Inasubiri upepo wa barabarani, na kwenye foleni upepo huo haupo.

Hili si jambo jipya. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walipiga kelele baa zinapotea, mpaka Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri ya miaka 5 au maili 60,000. Mwaka 2018 wenye Leaf mpya ya uniti 40 huko Ulaya wakagundua kwamba ukichaji haraka zaidi ya mara moja katika safari moja, gari linajipunguzia lenyewe kasi ya kuchaji kwa sababu betri imechemka. (Uniti ninazozitaja ni hizi hizi za LUKU, kWh moja ni uniti moja.)

Sasa sikilizeni vizuri habari ya baa, maana hapa ndipo watu wanapigwa. Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna baa 12 nyembamba zinazoonyesha afya ya betri. Baa ya kwanza haidondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15. Baada ya hapo kila baa ni kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo gari la baa 12 linaweza kuwa na betri ya asilimia 99 au ya asilimia 86, na wewe huoni tofauti. Kibaya zaidi, kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu zake, baa zikarudi 12 kwa muda, kisha gari likishatembea wiki kadhaa ukweli unajitokeza. Dawa yake ni programu ya LeafSpy kwenye simu na kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, vipo Kariakoo. Angalia namba ya SOH, yaani asilimia ya afya iliyobaki kwenye betri, halafu angalia QC, yaani gari limechajiwa haraka mara ngapi tangu litoke kiwandani. SOH nzuri kwenye gari lenye umri mkubwa, wakati tofauti ya volti kati ya seli na seli ni kubwa, isikutie moyo. Kama muuzaji anakataa usichomeke hicho kifaa, aga uondoke.

Mimi ni mtu wa Nissan na sifichi, ila namba moja yangu si Leaf. Ni Nissan Sakura. Imeanza kuuzwa Japani 2022, betri yake ni ya uniti 20 tu, na inapozwa kwa gesi ya AC. Kigari kidogo kiasi hiki kimewekewa kitu ambacho Leaf kubwa ilinyimwa! Japani wanatangaza kilomita 180 kwa chaji moja. Hapa ukiwasha AC kwenye foleni zitapungua, punguza hata theluthi ukipenda, bado Tegeta mpaka Posta kwenda na kurudi, kama kilomita 50, unakwenda kwa raha. Kuijaza kutoka sifuri hakumalizi umeme wa elfu kumi, kwa sababu elfu kumi inakupa uniti 28. Kasoro zake: viti ni vinne, maandishi ya skrini ni ya Kijapani, na iko chini, kwa hiyo mvua za masika usiipitishe kwenye maji ya Jangwani. Pia ujue kwamba kama nyumbani mko kwenye ile tarifu nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litawatoa huko. Na usichaji kwa ekstensheni. Mwite fundi avute waya wake peke yake kutoka kwenye sakiti breka. Soketi ya kawaida ikibeba mzigo ule usiku kucha inachemka mpaka plastiki inanuka.

Ya pili ni BYD ya China. Dolphin, au mdogo wake Seagull aliyetoka China Aprili 2023 akiwa na betri ya uniti kama 30 au 39. Betri zao ni za LFP, aina inayovumilia joto na kujazwa hadi asilimia 100 kuliko hizi nyingine. Ila hakikisha usukani uko kulia. Seagull ya soko la China usukani wake ni wa kushoto na tundu lake la chaji ni la Kichina. Ya usukani wa kulia ni kama ile waliyoizindua Indonesia mwaka 2025 kwa jina la Atto 1.

Ya tatu ndiyo kusubiri. Leaf ya kizazi cha tatu ilizinduliwa Juni 2025, na hatimaye betri yake inapozwa kwa maji. Nimefurahi sana. Lakini tuhesabu. Sisi tunakula mitumba ya Japani, na Mjapani hupeleka gari jipya ukaguzi wa kwanza baada ya miaka 3. Hapo ndipo wengi huuza. Sakura za 2022 zimeanza kumiminika minadani kwa sababu hiyo hiyo. Leaf mpya usiitegemee kabla ya 2029, na za mwanzo zitakuwa ghali. Kuhusu betri za hali mango, yaani zisizo na kimiminika ndani, ambazo Toyota imezitajia 2027 hadi 2028, sioni zikianzia kwenye gari dogo la bei ya chini. Unayepanda bodaboda kila siku kwa ajili ya kuzisubiri unajichelewesha.

Leaf ya uniti 40 ichukue tu kama SOH umeiona mwenyewe na nyumbani una kivuli cha kuegesha. Za uniti 24 na 30, hapana. Zimeshazeeka, na gari likivuka miaka 8 TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu. Mitsubishi i-MiEV, labda ile ya uniti 10.5 yenye betri ya Toshiba, kwa safari za sokoni.

Na nyie wenye yadi, nawasema kwa uchungu. Mnamwambia mteja "betri ya umeme haifi, mama" huku mnajua gari mlilinunua mnadani likiwa katika hali gani. Karatasi ya mnada, inayoandikwa hali ya gari, mnayo, mnaificha. Bei mnaitaja kwa dola wakati kanuni za 2025 zimekataza, mteja akitaka shilingi mnapiga mahesabu kwa kiwango mnachokijua wenyewe. Mimi naomba kila anayekwenda yadi wiki hii adai karatasi ya mnada na picha ya LeafSpy iliyopigwa mbele yake, gari likiwa limewashwa, na risiti ya EFD iandikwe shilingi.