Fundi wa AC Dodoma: uzoefu wangu na kiyoyozi kilichokuwa "kinamaliza gesi"

Dodoma AC si ya usiku. Usiku, hata Oktoba, ukifungua dirisha unalala vizuri tu. Kazi iko mchana, kuanzia saa saba hivi, bati likishapata moto, na kufungua dirisha huwezi kwa sababu ya vumbi. Mimi niko Kisasa, nafanyia kazi za uhasibu nyumbani, kwa hiyo kiyoyozi changu cha BTU 12,000 kinahangaika kweli miezi ile ya kusubiri mvua.

Msimu uliopita kilianza kupuliza upepo usio na baridi. Fundi wa kwanza niliyempata alishika bomba, akaniambia, "Dada, gesi imeisha." Akajaza, akachukua elfu themanini yake, akaenda. Baridi ikarudi, lakini Krismasi haijafika ikapotea tena. Nilipompigia akasema gesi imeisha tena.

Sasa, gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jikoni. Inazunguka humohumo kwenye bomba zilizofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inatokea. Anayejaza bila kutafuta inapotokea anakuuzia wiki chache za baridi, na bei yake si ya wiki chache.

Safari hii jirani alinielekeza kwa mafundi wengine, wawili, mmoja wao amesomea majokofu na viyoyozi chuo cha ufundi cha VETA. Kabla hawajaja walinihoji kwenye simu. Filta zimeoshwa lini? Feni ya mashine ya nje inazunguka? Breka inajizima? Bomba lina barafu? Nikasema barafu ipo. Wakaniambia nizime kabisa, niiache iyeyuke, nioshe filta, niwashe tena, kwa sababu filta iliyoziba vumbi nayo inagandisha barafu. "Ikipoza, usituite, utatulipia nauli bure." Fundi anayekuambia usimwite ni wa kuhifadhi namba yake. Niliosha, haikupoza, wakaja.

Hawakuanza na mtungi wa gesi. Yule aliyesomea alisoma kwanza kibandiko cha mashine ya nje, kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Yangu ni R410A. Akapitisha tochi kwenye maungio, na kwenye nati ya bomba nene palikuwa na doa la mafuta limeshika vumbi. Akapaka povu la sabuni, vipovu vikaanza kutoka kimoja kimoja. Ndiyo hiyo nati, miezi yote hiyo.

Kilichofuata kilichukua muda kuliko nilivyotegemea. Gesi iliyobaki waliivutia kwenye mtungi wao, hawakuiachia hewani. Wakakata ncha ya bomba la kopa, wakaitanua upya, wakafunga, wakajaza naitrojeni kupima kama panavuja. Halafu pampu ya kuvuta hewa ikanguruma muda mrefu hadi nikadhani wamesahau, kumbe ndiyo inayotoa hewa na unyevu uliobaki ndani ya bomba. Mwisho wakaweka mtungi juu ya mzani na kuingiza gesi kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Niliuliza kwa nini wasiongezee tu ile iliyokuwepo. Jibu: R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, na ikishavuja huna hakika kilichobaki ndani kina uwiano gani.

Nimelipa laki moja na themanini. Si ndogo, ila ya kwanza niliitupa.

Filta naosha mwenyewe, na msimu wa vumbi usisubiri mwezi uishe. Betri za rimoti, kuangalia kama haijawekwa kwenye feni tupu, kuondoa majani na mifuko iliyonasa nyuma ya mashine ya nje, hivyo navyo si vya kumlipa mtu. Breka ikijizima mara ya pili, acha kuirudisha, ita fundi. Harufu ya kuungua, zima kwenye swichi kubwa kwanza ndipo upige simu. Na mashine ya nje usiifungue hata umeme ukiwa umezimwa, maana kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme ndani yake, inaweza kuwa bado imeshika chaji. Ndugu zangu wa Dar wao wanapima AC kwa maji yanayotiririka nje. Huku kiangazi hewa ni kavu, bomba la maji linaweza lisidondoshe kitu na mashine iko salama. Maji yakidondoka ndani, ukutani, hapo mara nyingi bomba hilo limeziba.

Malalamiko ninayo. Waliahidi saa nne asubuhi wakafika saa tisa, jua limewaka, na ngazi wakaazima kwangu. Oktoba simu zao hazishikiki, kila mtu amekumbuka AC yake siku moja, kwa hiyo huduma ya kawaida ifanyeni Juni au Julai, baridi ikiwepo na mafundi wakiwa na nafasi.

Nimewapa nyota nne. Risiti ya EFD wametoa bila kuombwa, na dhamana ya maungio ni miezi mitatu, imeandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi ya kazi.