Oodi, Helsinki: maktaba niliyoshonea gauni la binti yangu

Binti yangu wa miaka saba ndiye aliyeniuliza, siku ya kwanza tuliposhuka karibu na stesheni kuu ya treni: "Mama, kwa nini nyumba ile inaitwa Hodi?" Jina lake ni Oodi, neno la Kifini lenye maana ya utenzi wa kusifu, na lilitokana na mapendekezo ya wananchi wenyewe. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, na tangu siku ile sikio langu limekataa, nasikia hodi tu. Na hapa hubishi hodi. Unaingia. Huombwi kadi, huombwi pasipoti, hulazimiki kununua hata kikombe cha kahawa.

Nakwenda Oodi kushona. Nyumba yetu ni chumba na sebule, ghorofa ya nne, na jirani wa chini analala mapema kwa sababu kazi yake inaanza alfajiri. Cherehani yangu niliiacha kwa dada yangu Tanga. Nilipojaribu kumpelekea kitenge fundi mmoja wa mtaani kwetu hapa, bei aliyotaja kwa gauni la mtoto ilikuwa mara tatu ya kitenge chenyewe. Nikakikunja, nikarudi nacho nyumbani.

Ghorofa ya kati ndiyo karakana. Kuna cherehani, mashine ya ovaloki ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, pasi, printa za 3D, studio za muziki, hata jiko la kupikia pamoja. Cherehani unatumia bure. Unachohitaji ni kadi ya maktaba, nayo ni bure kwa mkazi, kisha unaweka nafasi ya saa unazotaka. Kitambaa na uzi natoka navyo nyumbani. Na mkasi wangu, maana mkasi wa kukatia siazimi kwa mtu.

Gauni lilinichukua jioni mbili. Jioni ya kwanza nilikata na kuunga mabega, ya pili nikatia marinda na zipu. Kushoto kwangu alikaa mzee wa Kifini akishona upya begi lake la mgongoni lililochanika kamba, kimya, mshono ulionyooka kama kamba ya ngalawa. Kulia, dada wa Kisomali alikuwa anapunguza baibui. Tukaazimana pini. Kifini chake ni kizuri kuliko changu, na ndiye aliyenieleza namna ya kulegeza uzi wa ovaloki ili kitenge kisijikunje pindoni. Katika miaka yangu yote ya kuishi mji huu, sijapata mahali pengine ambapo watatu kama sisi tungekaa meza moja saa tatu nzima.

Jengo liligharimu karibu yuro milioni 98. Hizo ni fedha nzito hata kwa Finland, nami nakatwa kodi kila mwezi, kwa hiyo nimejiuliza kama zimekwenda pema. Jibu langu ni ndiyo, na sababu kubwa ni jinsi walivyoanza. Kabla ujenzi haujaanza, jiji liliwauliza watu. Mwaka 2012 walizungusha kinachoitwa mti wa ndoto, watu wakaandika wanachotaka maktaba mpya iwe, zikakusanywa ndoto zaidi ya 2,000. Kwenye shindano la usanifu ziliingia kazi 544, wakashinda ALA Architects mwaka 2013. Maktaba ikafunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa sikukuu ya uhuru wao. Ukipanda ngazi ya kuzunguka utaona ukutani maneno yaliyopendekezwa na wakazi, yanayotaja watu wa kila namna ambao nyumba hii ni kwa ajili yao. Mimi huwa napanda polepole ili niyasome.

Ghorofa ya juu ndiyo ya vitabu, kama 100,000, kwenye rafu fupi nyeupe, na miti hai imesimama katikati yake. Sakafu inainuka pande zote mbili kama fungu la mchanga, watoto wanapanda na kuteleza. Ghorofa ya chini haina nguzo katikati, kwa sababu matao mawili ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 100 yamebeba jengo zima kama daraja.

Anayetaka utulivu wa mtihani simshauri aje hapa. Nimekulia kwenye maktaba ya Tanga mjini, tulikokuwa tukinong'ona, na utulivu ule niliupenda. Oodi ina sauti za watu. Kwa kimya nenda Rikhardinkatu, maktaba ya mwaka 1882, ni mwendo mfupi kwa miguu.

Kwangu, kitu kizuri kuliko vyote ni roshani ya juu. Wao wanaiita roshani ya wananchi, mimi naiita baraza. Inatazamana na Bunge, ng'ambo ya uwanja, na ilipangwa iwe kimo kimoja na ngazi za Bunge lenyewe. Kiwanja hiki ni katikati kabisa ya mji, wangeweza kujenga maofisi au hoteli. Wakaweka mahali ambapo mama mwenye kitenge anakaa uso kwa uso na wabunge. Natamani kila jiji letu linalochora ukumbi mpya au kituo cha jamii lianze na mti kama ule, liulize mafundi, liulize wanafunzi, liulize kina mama, halafu ndipo liite wakandarasi.

Siku za kazi wanafungua saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Jumatano ijayo nimeweka nafasi ya cherehani saa kumi na moja jioni. Binti yangu ameshachagua khanga ya bibi yake, na safari hii anataka mifuko.